Kuku na Mkate

Huenda nyumbani kwenu, Marangu au Kibosho, kuku hufugwa kihambani chini ya migomba. Ukiwatupia vipande vya mkate huvigombania kwa pupa. Je, mkate huwafaa?

Mkate una wanga mwingi, lakini protini na chokaa yake ni kidogo. Gole la kuku likijaa mkate, hatatamani tena wadudu, dagaa wala mashudu ya alizeti. Basi mayai hupungua. Ganda la yai karibu lote ni chokaa. Mtetea akiikosa katika chakula, huitoa katika mifupa yake mwenyewe! Kwa hiyo mpe mkate kidogo tu, baada ya chakula chake.

Mkate wenye ukungu usimpe kamwe, hata ukiukwangua. Nyuzi za ukungu hupenya ndani usikoona, na aina nyingine za ukungu hutoa sumu iwezayo kuua vifaranga.

Jaribio: Nyunyizia kipande cha mkate maji kidogo, kisha ukifunike kwa bilauri. Usikifunue. Kitazame kila siku kwa muda wa juma moja. Ukungu umeanzia wapi? Je, ungeota upesi zaidi Moshi mjini penye joto, au Marangu penye baridi?