Nywele Zako, Kazi Yako: Kijana Mkatoliki Atii Kila Kanuni ya Bosi?



Wapendwa vijana, somo letu la leo linahusu nywele. Usicheke. Kijana anayetoka huku Ngulyati na kupata kazi yake ya kwanza Bariadi mjini, Mwanza au Dar es Salaam, mara nyingi anaambiwa habari za kichwa chake kabla hajajua hata choo kiko wapi: fumua rasta, nyoa ndevu, ondoa dredi, kata kucha, vaa wigi.

Likizo hii nimeulizwa zaidi ya mara moja baada ya Misa: "Frateri, bosi ana haki gani na nywele zangu?" Dada mmoja aliajiriwa dukani. Siku ya tatu akaambiwa afumue rasta usiku huohuo, la sivyo kesho asije. Rasta zenyewe alikuwa amezisuka wiki ileile, kwa fedha iliyotokana na pamba ya nyumbani.

Swali lake si dogo. Upande mmoja kuna mkate wa kila siku, upande wa pili kuna utu. Tulipime kwa njia ambayo ndugu zetu wa VIWAWA wanaifahamu: Ona, Amua, Tenda. Njia hii tumeipata kwa Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakristo mwaka 1925. Papa Yohane XXIII aliipendekeza kwa Kanisa zima katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961.

1. ONA

Nchi yetu imebishana kuhusu mwonekano kwa muda mrefu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969. Ilipiga vita sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Kwa watumishi wa umma ulitolewa Waraka Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi. Ndio maana ukienda ofisi za serikali unakuta mlangoni lile bango lenye picha za mavazi yasiyoruhusiwa.

Hata Bungeni hawajapona. Septemba 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku kope na kucha za bandia, baada ya hoja za madhara yake kwa afya. Juni 1, 2021 Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliondolewa ukumbini kwa sababu ya suruali yake, na wabunge wenzake wanawake wakapinga. Kama watunga sheria wenyewe hawajakubaliana, usishangae kwamba wewe na msimamizi wako mnatofautiana.

Lakini kanuni hizi si za aina moja. Hapa Simiyu, mkoa wa pamba, kiwanda cha kuchambua pamba kina mikanda na roli zinazozunguka. Ukiambiwa ufunge nywele, ni ili mashine isikuvute. Muuguzi anakatazwa kucha ndefu kwa ajili ya mgonjwa, na mpishi anafunika kichwa kwa ajili ya mlaji. Hizo ni kanuni za usalama na afya. Aina ya pili ni za utambulisho na heshima ya kazi, kama sare ya askari. Aina ya tatu ni zile zisizo na mzizi wowote isipokuwa "mimi sipendi". Kosa letu ni kuzitii zote kwa uoga, au kuzikataa zote kwa hasira.

2. AMUA

Tuanze na Maandiko. Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese, Mungu alimfundisha asipime mtu kwa sura na kimo, maana Yeye hutazama moyo (1 Sam 16:7). Yesu naye anasema kwamba hata nywele zetu zimehesabiwa (Lk 12:7). Yaani mwili wako si takataka mbele ya Mungu, na kichwa chako hakianzi kuwa na thamani siku ya kuajiriwa. Kwa Samsoni, nywele zilikuwa alama ya nadhiri yake kwa Mungu (Amu 13:5). Kwa hiyo anayeamuru mtu anyoe, kwanza amuulize: nywele hizi kwako zina maana gani?

Kwa upande mwingine, Mtume Paulo anawaandikia Wakorinto kuhusu nywele na kufunika kichwa katika ibada, na anataja desturi za makanisa (1 Kor 11:2-16). Katekisimu (na. 2524) nayo inafundisha kwamba namna za kuonyesha staha hutofautiana kati ya utamaduni na utamaduni, ingawa staha yenyewe ipo kila mahali. Kwa hiyo hatuwezi kusema "moyo tu ndio muhimu, nivae nipendavyo". Mwonekano unasema na wengine, na wengine wana haki ya kuheshimiwa.

Sasa tupimeje kanuni moja moja? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia. Kwake, sheria ya kweli ina mambo manne: ni agizo la akili, si la hasira wala matakwa tu, inalenga manufaa ya wote, inatolewa na mwenye dhamana juu ya jumuiya, na imetangazwa. Tomaso alikuwa anazungumzia sheria za jamii, lakini vipimo hivi vinafaa hata dukani. Jiulize: Kanuni hii ina sababu? Inamsaidia nani? Anayeitoa ana mamlaka hayo? Niliambiwa mapema?

Chukua mfano wa kweli kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2007 maofisa magereza watano wanaume wa gereza la Pollsmoor, Cape Town, walifukuzwa kazi kwa kukataa kukata dredi. Baadhi walikuwa Marasta, wengine walizifuga kwa sababu za mila za Kixhosa. Maofisa wanawake waliruhusiwa dredi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba huo ni ubaguzi: hakukuwa na ushahidi kwamba dredi ziliharibu kazi yao. Kanuni ilianguka kwenye kipimo cha kwanza kabisa, sababu.

Turudi kwa dada wa rasta. Mwenye duka ana dhamana, na anaweza kutaka wafanyakazi wake waonekane nadhifu. Lakini kanuni haikutangazwa wakati wa kuajiri, na mzigo wa usiku mmoja ni mkubwa kuliko faida yake. Kwa vipimo vya Tomaso, agizo hilo lina kasoro. Je, basi agome?

Hapa Tomaso anafanya tofauti ambayo naomba uishike. Agizo linaloweza kuwa lisilo la haki ni la namna mbili. La kwanza linakuonea wewe: linakubebesha mzigo usiostahili. Hilo halikufungi katika dhamiri, lakini unaweza kulivumilia, hata kuachia haki yako, ili kuepuka kikwazo au vurugu kubwa zaidi. La pili linakwenda kinyume cha Mungu. Hilo usilitii kamwe.

Kwa hiyo dada yetu anaweza kufumua rasta ili asipoteze kazi, na hajatenda dhambi wala hajauza utu wake. Kuachia si kukiri kwamba bosi yuko sahihi. Anaweza pia kudai muda kwa heshima, na huko si kukosa utii. Lakini msichana anayeambiwa na mwenye baa avae nusu uchi "ili wateja wakae", au akubali kushikwashikwa kama sehemu ya "mwonekano wa biashara", huyo yuko kwenye namna ya pili. Jibu ni hapana. Ajabu ni kwamba mara nyingi tunagombana na bosi juu ya rasta, halafu tunanyamaza kwa hili.

Mimi mwenyewe kama frateri naishi chini ya kanuni za mwonekano. Sizioni kama kifungo, kwa sababu nilizijua kabla ya kuingia, zina sababu, na waliozitoa nao wanazifuata. Kijana wa dukani anastahili hayohayo matatu.

3. TENDA

Kwanza, uliza kabla ya kusaini. "Kuna kanuni za nywele na mavazi? Zimeandikwa? Gharama ya sare au wigi ni ya nani?" Kuuliza si kiburi.

Pili, kanuni yenye sababu itii kwa moyo, hata bosi asipokuwepo. Kufunga nywele kiwandani na kukata kucha zahanati ni upendo kwa jirani.

Tatu, kanuni inayokuonea, zungumza. Anza na msimamizi, kwa staha, ikiwezekana kwa maandishi. Ujue sheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi kama dini, jinsia, kabila na ulemavu, na inamlinda hata anayeomba kazi. Haitaji nywele, lakini kanuni ya nywele inaweza kuficha ubaguzi wa dini au jinsia. Ukiachishwa kazi isivyo haki, unapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hulia nyumbani hadi siku zinapita. Na ujue kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana ulinzi huo wa kuachishwa isivyo haki, ingawa katazo la ubaguzi bado linamhusu.

Nne, ukidaiwa ngono ili upate kazi au ubaki nayo, hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja katika kifungu cha 25. Piga TAKUKURU namba 113, bure. Mwambie pia mtu unayemwamini: mzazi, paroko, mama mlezi wa vijana. Usibaki peke yako.

Tano, wengi wenu mtakuwa mabosi, hata kama ni wa saluni yenye viti viwili. Andikeni kanuni chache, zenye sababu, na mzitangaze mapema. Papa Yohane Paulo II katika Laborem Exercens (1981) anatufundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni kanuni gani ya kazini au shuleni naitii kwa uoga tu? Nimewahi kuuliza sababu yake?
2. Je, nimewahi kumhukumu mtu kanisani kwa nywele zake kabla ya kumsalimu?
3. Mwenzetu akifukuzwa kazi kwa kukataa jambo la aibu, jumuiya yetu itamsaidia vipi mpaka apate kazi nyingine?

Tusali

Ee Yesu, uliyefanya kazi Nazareti kwa mikono yako, wajalie vijana wetu kazi za halali. Wape unyenyekevu wa kutii yaliyo mema na ujasiri wa kukataa yaliyo mabaya, na hekima ya kutofautisha. Wagusie mioyo waajiri, waone ndani ya kila mfanyakazi sura yako. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.