Mfano wa Kijiji Chenu: Vipimo vya Kweli Vinapatikana Wapi?

Vikundi vingi hupenda kutengeneza mfano wa kijiji kwa katoni na gundi kabla ya kuanza mradi wa maji. Ni jambo zuri. Hata mtu ambaye hajui kusoma ramani akisimama mbele ya mfano ataonyesha kwa kidole, "Hapa ndipo maji hutoka wakati wa kiangazi." Lakini mfano uliotengenezwa kwa kichwa tu utawapotosha. Kila mtu hulikuza shamba lake, kilima cha jirani kinakuwa kichuguu, halafu tangi linajengwa mahali ambapo maji hayawezi kufika bila pampu. Pesa za harambee zimekwisha hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kushika wembe, tafuteni vipimo.

Anzeni na ramani ya Survey of Kenya, ambao ofisi yao kuu iko Ruaraka, Nairobi. Iombeni ile ya skeli 1:50,000 inayoonyesha sehemu yenu. Maana ya skeli hiyo ni kwamba sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 kwenye ardhi. Mtaona imegawanywa kwa miraba ya kilomita moja moja, na ndani yake kuna mistari myembamba iliyopindapinda iitwayo kontua. Kila kontua hupita mahali penye urefu sawa kutoka usawa wa bahari. Ikisongamana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare. Kwa karatasi nyingi, kutoka mstari mmoja hadi wa pili ni kupanda mita 20, lakini hakikisheni kwa kusoma ukingoni.

Hapo ukingoni someni pia mwaka. Nyingi za ramani hizi zilichorwa kutokana na picha za ndege zilizopigwa miaka mingi iliyopita. Milima haijahama, kwa hiyo kontua ziaminini. Barabara, shule na msitu ni habari nyingine.

Sasa hesabu. Tuseme sehemu yenu ni kilomita 6 kwa 5. Kwenye ramani ni sentimita 12 kwa 10, ndogo mno. Ikuzeni mara kumi: kila mraba wa sentimita 2 uchorwe upya kama mraba wa sentimita 20, mkinakili kontua mraba kwa mraba. Skeli imekuwa 1:5,000, na mfano utakuwa sentimita 120 kwa 100, unatosha juu ya meza mbili. Kwa skeli hiyo mita 20 za kupanda ni milimita 4, na katoni nyingi za dukani unene wake unakaribia huo. Msikisie: pangeni vipande kumi, mpime kwa rula, vikifika sentimita 4 mko sawa. Kila kontua ni kipande kimoja cha katoni, kinachobandikwa juu ya kile cha chini yake. Wengine huweka katoni mbili mbili ili milima ionekane vizuri. Si vibaya, lakini andikeni wazi kwamba urefu umeongezwa mara mbili, la sivyo mtu atadhani mteremko wa kawaida ni ukuta.

Kwa nyumba na njia za leo, kijana mwenye simu anaweza kuwaonyesha picha za setilaiti. Ofisi ya ardhi nayo ina ramani za mashamba, lakini kuweni macho: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yenyewe inasema mipaka kwenye ramani hizo ni ya kukadiria tu. Msikubali mtu aje kugombania mpaka kwa kutumia mfano wa katoni.

Halafu waiteni wanaoijua ardhi kwa miguu: wazee, akina mama wanaochota maji, watoto wachungaji. Mwaka 2006, huko Nessuit, jamii ya Waogiek walitengeneza mfano wa Mau Mashariki kwa skeli 1:10,000. Kontua zilitoka kwenye ramani, lakini majina ya mito na maeneo ya koo yalitoka kwa wazee, ambao waliuonyesha msitu jinsi ulivyokuwa katika miaka ya 1920. Hakuna ofisi ambayo ingewapa habari hiyo.

Wakati mwingine ramani itasema kuna chemchemi na mama aseme ilikauka zamani. Msipige kura. Tumeni watu watatu waende kuangalia, mmoja wao awe huyo mama. Vitu ambavyo bado havijathibitishwa wekeeni pini za rangi yake, na rangi zote zielezwe kwenye ufunguo pembeni. Wazee wakisema mahali fulani pasionyeshwe, kama makaburi au penye miti ya dawa, paacheni wazi bila maswali, maana mfano ukishawekwa ukumbini kila mgeni atauona.

Kabla ya kupaka rangi, andikeni skeli, upande wa kaskazini, mwaka wa ramani mliyotumia na majina ya waliotoa habari. Gundi ya unga hupendwa na panya, basi hifadhini mfano juu ya meza, ufunikwe kwa karatasi ya nailoni, na katibu apige picha moja kutoka juu na nyingine kutoka kila upande.