Gari Livujalo

Tinde ni njia panda katika mkoa wa Shinyanga. Atokaye Nzega akifika hapo huona njia mbili mbele yake: moja yaenda Shinyanga mjini na Mwanza, nyingine yaenda Isaka na Kahama, hata mpakani mwa Rwanda. Malori makubwa hupita mchana na usiku, na katikati yao hupita magari madogo, kama Toyota Vitz, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999. Mengi ya magari hayo yaliletwa Tanzania yakiwa yamekwisha kutumika, nayo ni riziki ya watu wengi. Leo tutajifunza ugonjwa mmoja wa gari dogo, yaani kuingiwa na maji.

Wakati wa kiangazi gari hupigwa na jua na vumbi miezi mingi, wala hakuna ajuaye kama linavuja. Jua huukausha mpira wa milango hata ukapasuka. Vumbi na majani ya mwarobaini huanguka juu yake na kujificha katika mianya. Mvua za kwanza zikinyesha, mwenye gari hukuta zulia limelowa. Milango ilifungwa, vioo vilipandishwa, na maji yamo!

Usidhani kwamba hili ni jambo dogo. Chini ya zulia pana bati. Bati likikaa na unyevu hupata kutu, na kutu hula sakafu polepole. Nyaya za umeme hupita hapo hapo, nazo huharibika. Tena alfajiri unyevu huo hupanda na kushika vioo kwa ndani kama ukungu. Dereva asiyeona mbele, naye yumo njiani pamoja na malori, amehatarisha nafsi yake na abiria wake.

Mtu mwenye haraka hununua gundi, akapaka pale alipoona maji. Mvua ya pili ikija, maji yapo vile vile. Kwa nini? Kwa sababu mahali yanapoonekana sipo mahali yanapoingia. Fikiri nyumba ya nyasi: tone laanguka kitandani, lakini tundu li juu karibu na kilele, na maji yameteremka kwa kufuata fito. Katika gari ni hivyo hivyo.

Tena si kila tundu ni adui. Waundaji wa gari waliacha matundu mengine kwa makusudi. Chini ya kioo cha mbele, penye wipa, pana mfereji upokeao maji ya mvua, nao una matundu ya kuyatoa nje. Kila mlango nao una matundu madogo chini, maana maji hupenya kando ya kioo yakaingia tumboni mwa mlango, na hapo ndipo yatokapo. Majani yakiziba mfereji, maji hujaa kama bwawa mpaka yafikie tundu la kuingizia hewa, yakamwagika miguuni pa abiria. Basi azibaye matundu hayo kwa gundi ameongeza ugonjwa.

Njia ya kulitibu gari ni hii:

Kwanza, ondoa mazulia, ulikaushe gari juani.

Pili, safisha mfereji na matundu yote kwa kijiti laini. Mara nyingi kazi huishia hapa.

Tatu, ikiwa bado linavuja, tandaza magazeti makavu sakafuni. Mtu mmoja aketi ndani na tochi, milango ikiwa imefungwa. Mwenziwe amwage maji nje polepole, akianza chini ya mlango, kisha kando ya vioo, na mwisho paa. Akianza juu, maji yatashuka pande zote, wala hawatajua yalikoingilia. Aliye ndani akiona tone, na aseme, "Simama!" Kisha wapatie alama kwa chaki.

Nne, tengeneza mahali hapo. Mpira uliopasuka ubadilishwe. Karatasi ya nailoni iliyo ndani ya mlango, ikiwa imebanduka, igandishwe tena. Penye ufa pasafishwe, pakaushwe, ndipo patiwe silikoni. Kioo cha mbele kilichobanduka apewe fundi stadi. Kisha mwageni maji tena, mhakikishe.

Zulia likilowa wakati wa kiangazi, huenda mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi umeziba. Lakini maji yakiwa na utelezi na harufu tamu, yametoka katika mtambo wa kupoza injini. Usiyaonje, maana ni sumu. Lipeleke gari kwa fundi mara moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili ni kweli, lakini kabla ya kuziba, yakupasa kuujua ufa wenyewe ulipo. Anayetafuta kwa subira hutumia gundi kidogo na fedha kidogo, na gari lake hukauka.

MASWALI

1. Kwa nini gari huonekana kuvuja baada ya kiangazi kwisha?
2. Taja matundu mawili ya gari yasiyofaa kuzibwa, ueleze kazi yake.
3. Kwa nini maji humwagwa kuanzia chini kwenda juu?
4. Tafuta nyumbani kwenu kitu kingine ambacho maji huonekana mbali na mahali yanapoingia.