Tembe za vitamini si kinga ya kisukari

Mama mmoja mwenye kisukari alikuja kwangu akilalamika kwamba nyayo zinamwasha moto usiku. Alikuwa ameacha dawa kwa miezi minne. Badala yake alimeza tembe za vitamini E, alizoambiwa "zinasafisha damu". Sukari yake ilikuwa imepanda sana.

Je, aliyemuuzia alidanganya? Si kabisa. Sukari inapozidi katika damu, seli hutoa kwa wingi chembe kali zitokanazo na oksijeni. Chembe hizo hushambulia mafuta yaliyo katika kuta za seli, nayo huharibika jinsi mafuta ya kupikia yanavyochacha yakikaa wazi. Mabaki yake, kama vile kemikali iitwayo malondialdehaidi, huweza kupimwa katika damu. Watafiti wengi wameyakuta yakiwa juu kwa wenye kisukari, hasa wasiodhibiti sukari. Uharibifu huu huchangia kuumia kwa macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu.

Kwa kuwa vitamini E huzuia mafuta kuchacha, ilidhaniwa ingewakinga wagonjwa. Utafiti wa HOPE, uliotolewa mwaka wa 2000, uliwahusisha watu zaidi ya 9,000, baadhi yao wakiwa na kisukari. Waliomeza vitamini hiyo kwa takriban miaka minne na nusu hawakupungukiwa na mshtuko wa moyo wala kiharusi.

Kudhibiti sukari yenyewe ndiko kulikoleta nafuu. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, mwaka wa 1998, ulionyesha kwamba udhibiti mkali ulipunguza madhara ya mishipa midogo ya damu kwa asilimia 25.

Ewe msomaji mwenye kisukari, zingatia haya:

1. Usiache dawa bila kumwona daktari.

2. Huhitaji kupimwa malondialdehaidi. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita.

3. Acha sigara. Moshi wake huongeza chembe zile zile.

4. Punguza ugali sahanini, uongeze sukuma wiki, mchicha na maharagwe.

5. Kagua nyayo zako kila jioni.

Mama yule amerudia dawa na sukari imeshuka. Lakini nyayo bado zinamwasha, kwa maana mishipa ya fahamu ikishaumia haiponi upesi.