Unga, Ungana, Unganisha: Somo la Lugha Kuhusu Mitandao ya Simu

1. Lengo la makala haya

Mwanafunzi wa isimu huzoea kutafuta mifano yake katika hadithi, methali na mashairi. Makala haya yanaitafuta mahali pengine, yaani katika simu ya mkononi. Jambo lenyewe ni hili: katika nchi yetu kuna kampuni kadhaa za simu zinazoshindana, kama Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Kila kampuni ina minara yake, mitambo yake na wateja wake. Hata hivyo mtu mwenye namba inayoanza na 081 anampigia mwenye namba inayoanza na 099, nao wanasikilizana. Washindani hao wamelazimika kushirikiana. Kifaransa kinaliita jambo hili interconnexion. Je, sisi tuliite nini?

Swali hili si la kamusi peke yake. Sheria za mawasiliano za nchi yetu zimeandikwa kwa Kifaransa, lakini anayelipa bei ya mwito huenda ni muuza samaki wa Bukavu au mchimbaji wa Kolwezi, ambaye hesabu zake huzifanya kwa Kiswahili. Mtu asiye na neno la kutaja kitu hawezi kukilalamikia. Basi tutaeleza kwanza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kisha tuone ni maneno gani yanaifaa.

2. Safari ya mwito mmoja

Tuanze na utata mdogo. Neno «simu» lina maana ya kifaa («simu yangu imeanguka») na pia maana ya mazungumzo («nimepata simu kutoka Kisangani»). Katika makala haya «simu» ni kifaa, na kile kinachosafiri tutakiita «mwito».

Tuseme Furaha ni mteja wa kampuni A, na kaka yake ni mteja wa kampuni B. Furaha anabonyeza namba. Mnara wa A ulio karibu naye unaipokea na kuipeleka kwenye mtambo mkuu wa A. Mtambo huo husoma tarakimu za mwanzo na kutambua kwamba namba hii ni ya B. Hapo A hana la kufanya peke yake, kwa sababu hajui kaka yuko chini ya mnara upi. Anayejua ni B tu.

Kwa hiyo A hupeleka kwanza ujumbe mfupi, usio na sauti ndani yake, kupitia mahali ambapo mitambo ya kampuni hizo mbili imeunganishwa. Ujumbe huo unauliza kama mtu huyu yupo. B hutafuta katika daftari lake, huona mnara wa mwisho aliosajiliwa kaka, kisha huliza simu yake. Kaka akiitika, njia ya sauti hufunguka na saa huanza kuhesabu, tena katika mitambo yote miwili: ule wa A na ule wa B.

Hapa tunaelewa kwa nini vijana hupenda «kubip». Simu inalia, kaka anaona namba ya dada yake, Furaha anakata. Mitambo ya kampuni mbili imefanya kazi, habari imefika, lakini hakuna aliyeitika, basi hakuna dakika ya kulipia. Kitenzi hiki kidogo kimezaliwa katika pengo lililopo kati ya kuliza na kuitika.

3. Nani anamlipa nani?

Katika nchi zetu anayepiga ndiye anayelipa, na anayepokea halipi kitu. Furaha analipa A. Lakini nusu ya kazi imefanywa na B, ambaye hakupata hata faranga moja kutoka kwa Furaha. Kwa hiyo A humlipa B kiasi fulani kwa kila dakika aliyomfikishia mwito. Mwisho wa mwezi kampuni hulinganisha hesabu zao, na mara nyingi hulipwa tofauti tu. Kwa mfano, kama A amepeleka kwa B dakika 10,000, na B amepeleka kwa A dakika 8,000, na bei ni 2 kwa dakika, basi A atamlipa B 4,000, yaani bei ya zile dakika 2,000 zilizozidi.

Msomaji anaweza kusema: kama miito inayokwenda na inayorudi ni sawa, malipo yanafutana, basi bei hii haina uzito. Tuchunguze kwa mfano mwingine. Mji una wateja 100: 80 ni wa kampuni kubwa, 20 ni wa kampuni ndogo. Kila mmoja anapiga mara moja, bila kuchagua mtandao. Wale 20 wa kampuni ndogo watapeleka miito 16 kwa kubwa, kwa kuwa 80 kati ya kila wateja 100 wako huko. Wale 80 wa kampuni kubwa watapeleka miito 16 kwa ndogo, kwa kuwa 20 kati ya 100 wako huko. Miito ni 16 kwa 16, na deni ni sifuri.

Lakini tuangalie upande wa mteja. Kwa mteja wa kampuni ndogo, miito 80 kati ya 100 inavuka mpaka wa mtandao, na kila mmoja unabeba bei ile. Kwa mteja wa kampuni kubwa ni miito 20 tu. Bei ya kuvuka ikipanda, kampuni kubwa itawaambia watu kwamba ndani ya mtandao wake wanaongea karibu bure, na hao watu wana ndugu 80 humo. Kampuni ndogo inaweza kusema maneno hayohayo, lakini ndani yake mna ndugu 20 tu. Deni ni sifuri, lakini wateja watahama. Ndiyo maana watu wengi hununua kadi mbili au tatu na kutafuta simu yenye nafasi mbili: mteja anafanya kwa mfuko wake kazi ya kuunganisha iliyopaswa kufanywa na mitambo.

4. Mzizi mmoja, hatua tatu

Sasa turudi darasani. Kiswahili kina kitenzi «unga», yaani kushikanisha kitu na kingine: fundi anaunga mti uliovunjika. Tendo linatoka upande mmoja. Tukiongeza kiambishi cha kutendana, -an-, tunapata «ungana»: pande mbili zinashikana kwa hiari, kila moja ikiwa mtenda na mtendwa. Tukiongeza cha kusababisha, -ish-, tunapata «unganisha»: sasa kuna wa tatu anayefanya wale wawili waungane.

Hatua hizi tatu za sarufi ni pia hatua tatu za historia ya simu.

Hatua ya kwanza, unga. Marekani, hataza za Alexander Graham Bell zilipokwisha muda mwaka 1893 na 1894, kampuni nyingi huru zilianza kujenga mitandao yao, mara nyingi katika mji uleule wenye mtandao wa Bell. Mitandao hiyo haikuunganishwa. Mwenye duka aliyetaka kusikika na wateja wote aliweka simu mbili ukutani. Kampuni iliyotaka kuingia kwa mwingine ilikuwa inaomba, na aliyeombwa alikuwa na uhuru wa kukataa.

Hatua ya pili, ungana. Mwaka 1913 kampuni ya AT&T, ikiwa chini ya tishio la kushtakiwa na serikali kwa kuhodhi soko, iliahidi pamoja na mambo mengine kuruhusu kampuni huru zitumie njia zake za masafa marefu. Kwa maandishi ilikuwa ni ahadi ya hiari. Msomaji aone jinsi kiambishi -an- kinavyoweza kuficha mambo: pande mbili «zimeungana», lakini nyuma yao palikuwa na mtu mwenye fimbo.

Hatua ya tatu, unganisha. Yule mwenye fimbo sasa anatajwa wazi katika sheria. Kwetu, simu za mkononi zilianza Kinshasa miaka ya 1980 na kampuni ya Telecel, lakini sheria-kiunzi ya mawasiliano, nambari 013/2002, ilitolewa tarehe 16 Oktoba 2002. Siku hiyohiyo sheria nambari 014/2002 iliunda mamlaka ya udhibiti, ARPTC. Baadaye ilikuja sheria mpya, nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Katika mfumo wa namna hii kampuni hujadiliana kwanza zenyewe, na zikishindwa kuelewana msimamizi huingia kati. Kisarufi: zinapewa nafasi ya kuungana, na zisipoungana, zinaunganishwa.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba shida kubwa haiko katika nyaya wala mitambo. Mwezi Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akivuka mpaka aendelee kupiga kwa bei za wenyeji na kupokea bila malipo. Mwaka 2007 mpango huo ulifika pia kwetu, Kongo-Brazzaville na Gabon. Kwa mwenye mali mmoja, mpaka wa nchi ulivukwa. Mpaka mgumu ni ule ulio kati ya wenye mali wawili katika mtaa mmoja.

5. Bei ikishuka, nini hutokea?

Majirani zetu wanatupa mifano miwili. Nchini Kenya, mwaka 2010 msimamizi alishusha bei ya kufikishiana miito kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi Agosti mwaka huohuo kampuni ya Zain, ambayo haikuwa kubwa kuliko zote, ilitangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Tulinganishe tarakimu: shilingi 3 ni chini ya 4.42. Kabla ya hapo Zain ingepata hasara kwa kila dakika iliyovuka. Bei iliendelea kushuka, ikafika senti 58 mwaka 2022 na senti 41 mwaka 2024.

Nchini Tanzania msimamizi alipanga ngazi kabisa: shilingi 15.60 mwaka 2018, kisha 10.40, 5.20, 2.60, na 2.00 mwaka 2022. Faida ya ngazi ni kwamba kila kampuni inajua kesho itakuwaje na inapanga kazi zake.

Hata hivyo bei ndogo haiponyi kila ugonjwa. Mwenye minara mingi vijijini husema kwamba kumfikia mteja wa porini kunagharimu kuliko kumfikia wa mjini, na katika nchi kubwa kama yetu hoja hii si ya kudharauliwa. Msimamizi hupima kati ya mambo mawili: bei isiwe ukuta kwa mdogo, wala isimkatishe tamaa anayejenga mbali.

6. Tuchague neno gani?

Tanzania hutumia sana «mwingiliano»: «gharama za mwingiliano». Neno hili linatoka katika ingia, ingilia, ingiliana. Limekwisha kuzoeleka, na hiyo ni nguvu kubwa. Lakini lina kasoro tatu. Kwanza, «kuingilia» ni pia kuvuruga mambo ya mtu. Pili, mafundi wa redio husema «mwingiliano wa mawimbi» wakiwa na maana ya mawimbi kuharibiana, jambo lililo kinyume cha tunalolitaka. Tatu, kitenzi hiki kina maana nyingine ambayo mwalimu hataitaja mbele ya watoto.

«Muungano» limekwisha kuchukuliwa na siasa: mtu akisikia Muungano hukumbuka Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964. Pia mitandao inayounganishwa haiwi kitu kimoja. Inabaki mbali mbali na kushindana.

Makala haya yanapendekeza «uunganishaji» kwa tendo, na «muunganisho» kwa matokeo yake, yaani ile njia iliyopo kati ya mitambo. Kwa malipo, tunapendekeza «malipo ya kufikishia». Fika, fikisha, fikishia: kiambishi cha kutendea kinabeba maana yote, kwamba B anafanya kazi kwa ajili ya A na anastahili ujira. Neno «kumalizia», linalofuata Kifaransa na Kiingereza neno kwa neno, humfanya msikilizaji afikiri kwamba mazungumzo yamekatwa.

Je, tuseme «mtandao» au «rezo»? Katika Lubumbashi na Bukavu watu husema rezo na inite. Katika maandishi ya sheria mtandao linafaa, kwa kuwa linaeleweka hadi Mombasa. Katika tangazo la mtaani, anayetaka kueleweka aandike yote mawili mara ya kwanza: «mtandao, yaani rezo».

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mwito mmoja wa Furaha unapita katika mali ya watu wawili wasiopendana, na kwamba bei ya kuvuka ndiyo inayoamua nani atabaki sokoni. Tumeona pia kwamba viambishi vya Kiswahili vinatosha kutofautisha anayeomba, wanaokubaliana na anayewalazimisha. Lugha yetu haina upungufu katika jambo hili. Kilichobaki ni kuitumia katika mikataba na matangazo, ili muuza samaki asome mwenyewe kile anacholipia.

Maswali ya zoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya «kampuni zimeungana», «kampuni zimeunganishwa» na «kampuni zimeunganika». Katika kila sentensi, nani ametenda?
2. Rudia mfano wa wateja 100 ukiwa na kampuni tatu zenye wateja 50, 30 na 20. Ni miito mingapi inavuka mtandao?
3. Tafuta tangazo moja la kampuni ya simu lililoandikwa kwa Kifaransa. Litafsiri kwa Kiswahili, kisha umsomee mtu asiyejua Kifaransa. Andika maneno aliyouliza maana yake.