Mwanga Unaozaa Giza: Pete za Newton na Mtihani wa Istilahi

Utangulizi

Mvua ya alasiri inapokatika mjini Kakamega, vidimbwi hubaki kando ya barabara ya lami. Tone la mafuta ya gari likidondoka humo, hutandaa na kufanya pete za rangi. Rangi hizo hazimo ndani ya mafuta, bali huzaliwa na mawimbi ya mwanga yanapokutana. Makala haya yanaeleza jinsi pete za aina hii zinavyotokea, kisha yanahoji iwapo istilahi zetu zinaubainisha ukweli huo au zinaupotosha.

Pete hutokeaje?

Robert Hooke alizieleza pete kama hizi mwaka 1665. Isaac Newton alizipima na kuchapisha matokeo yake mwaka 1704, nazo zikapewa jina lake. Katika jaribio hilo, lenzi mbinuko hulazwa juu ya kioo bapa, mbinuko ukielekea chini. Kati yake hubaki utando wa hewa ambao unene wake huongezeka kutoka kitovuni kwenda pembeni.

Mwanga wa rangi moja ukimulika kutoka juu, sehemu yake huakisiwa na uso wa chini wa lenzi na nyingine na kioo bapa. Mawimbi ya sehemu hii ya pili husafiri umbali wa ziada, ambao ni mara mbili ya unene wa hewa. Kilele kikikutana na kilele, tunaona pete angavu. Kilele kikikutana na bonde, tunaona giza. Kitovu chenyewe ni cheusi, ingawa hapo hewa haipo, kwa kuwa wimbi linaloakisiwa na kioo kutoka hewani hupinduka: kilele huwa bonde.

Chukua taa ya sodiamu, yenye urefu wa wimbi wa nanometa 589, na lenzi ambayo mbinuko wake una nusukipenyo cha meta 1. Ukiacha kitovu, pete ya giza ya 1 ina nusukipenyo cha milimita 0.77, ya 4 milimita 1.53, na ya 9 milimita 2.30. Ndiyo maana pete husongamana kadiri zinavyokwenda nje.

Tatizo la istilahi

Anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza huishia kusema "mwingiliano haribifu" pale penye giza. Je, kuna kilichoharibiwa? La hasha. Tukitazama kutoka chini ya kioo, palipokuwa na giza huonekana mwanga, na kitovu huwa angavu. Nishati haikupotea, imegawanywa upya. Kwa hiyo napendekeza "mwingiliano patanifu" kwa pete angavu na "mwingiliano kinzani" kwa pete za giza.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Hata hivyo, urasmi pekee haukiingizi katika maabara. Hapa Kakamega, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mwanafunzi wa Kiswahili na wa fizikia ni majirani. Ni wajibu wetu kubisha mlango wa jirani, tuinamishe kichwa na kutazama chini ya kioo kabla ya kuunda istilahi.