Jiko la Mkaa Lisilete Msiba Nyumbani

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi katika milima ya Upare. Wanaokaa tambarare, Same mjini au Makanya, hawaisikii sana. Lakini ndugu zetu wa Chome, Vudee, Suji na Mbaga wanaijua. Mlima Shengena una urefu wa mita 2,462. Ukungu ukishuka kutoka huko jioni, kila mtu hutafuta moto.

Baadhi ya watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Wengine humwekea jiko mama aliyejifungua, ili yeye na mtoto wapate joto. Nia yao ni njema. Lakini jiko hilo linaweza kuua nyumba nzima kwa usiku mmoja.

Leo tutajifunza mambo matatu: kwa nini jiko la mkaa huua, namna ya kuliweka na kulirekebisha, na namna ya kumsaidia mtu aliyevuta hewa yake.

HEWA ISIYOONEKANA

Moto hula hewa kama sisi tunavyokula chakula. Moto usipopata hewa ya kutosha, hutoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haikohozi mtu.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Husema, "Mkaa umeshika vizuri, hauna moshi, basi hauna hatari." Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi hata kidogo hutoa hewa hiyo ya sumu. Moshi hutufukuza chumbani. Hewa hii haimfukuzi mtu. Humlaza.

Inauaje? Damu yetu ina chembe nyekundu. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Hewa hii ya sumu hushikamana na chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni kama gari la mlimani lililojazwa mawe. Abiria wapo kituoni, lakini hawana pa kukaa. Ndivyo ubongo na moyo vinavyokosa oksijeni.

Mama mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mgonjwa wa moyo huumia zaidi. Mtoto aliye tumboni pia hudhurika.

Jambo hili si la Afrika tu. Katika nchi za baridi za Ulaya na Marekani, watu wengi walitumia makaa ya mawe kupasha nyumba joto. Majiko yao yalikuwa na bomba refu la kutoa moshi nje. Hata hivyo, bomba lilipoziba, watu walikufa usingizini. Kwa hiyo makaa ya mawe na mkaa wa miti ni ndugu. Hata mkaa wa kufyatua, unaotengenezwa kwa makaa ya mawe au vumbi la mkaa, una hatari hiyo hiyo.

NAMNA YA KUWEKA JIKO

1. Weka jiko nje au katika jiko la nje. Kama unapikia ndani, chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, ili hewa iingie huku na kutoka kule. Yaache wazi muda wote wa kupika.

2. Weka jiko juu ya ardhi iliyo sawa, lisiyumbe. Liwe mbali na nguo, mapazia, nyasi na ukuta wa miti. Watoto wasicheze karibu.

3. Washia jiko nje, mlango wake wa hewa ukiwa wazi kabisa. Usimimine mafuta ya taa juu ya jiko lenye moto. Yanaweza kulipuka usoni.

4. Ngoja mkaa wote ushike ndipo upike. Kumbuka: kushika kwa mkaa hupunguza moshi. Hakuondoi sumu.

NAMNA YA KUREKEBISHA JIKO

Kila siku, kabla ya kuwasha, toa majivu yote. Majivu yakijaa chini, hewa haipiti, na moto unaokosa hewa hutoa sumu nyingi zaidi. Zibua matundu ya chini. Kama bakuli la udongo la ndani limepasuka, litengeneze au ulibadilishe.

Ukitaka moto mdogo, kwa mfano wa kupalia wali au kuchemshia maharage, punguza mkaa. Usizibe mlango wa hewa kabisa. Kuufunika mkaa kwa majivu pia si dawa. Moto uliofunikwa bado unaendelea kutoa sumu polepole. Sufuria ya maji chumbani nayo haisaidii, kwa sababu maji hayanyonyi hewa hiyo.

Ukimaliza kupika, toa mkaa nje. Uzime kwa mchanga, au uweke katika debe lenye mfuniko, na debe likae nje. Usirudishe jiko ndani hata kama linaonekana limekufa.

JIKO LENYE BOMBA

Anayepika kwa kuni anaweza kujenga jiko la udongo au matofali lenye bomba la kutolea moshi. Bomba lipite juu ya paa na kuzidi kilele chake. Linapopita kwenye nyasi au mbao, lisiziguse. Zungushia udongo au matofali. Ziba nyufa zote za jiko kwa udongo. Safisha masizi ya bomba mara kwa mara.

Moshi ukirudi ndani, usivumilie. Tazama: je, bomba limeziba? Ni fupi? Jiko lina ufa? Rekebisha kwanza, kisha upike. Na hata jiko likiwa na bomba, dirisha lisizibwe.

Faida yake si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na moshi na hewa chafu ya majiko ya nyumbani. Wengi walikufa kwa magonjwa ya mapafu na moyo.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Dalili za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea na akili kuchanganyikiwa. Watu wengi hudhani ni malaria. Jiulize hivi: Je, watu wote wa nyumba wameumwa kichwa kwa wakati mmoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Je, jiko lilikuwa ndani? Kama ndiyo, shuku jiko.

Ukimkuta mtu amezirai katika chumba chenye jiko:

1. Fungua mlango na madirisha. Usikae ndani.
2. Mtoe mgonjwa nje haraka, kisha toa jiko.
3. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze mara moja.
4. Usimnyweshe maziwa wala kitu kingine. Sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni. Aliyezirai anaweza kupaliwa na kufa.
5. Mpeleke hospitali, hata kama ameamka. Mweleze mganga kuwa alilala na jiko. Dawa yake kubwa ni oksijeni.

JOTO LISILO NA HATARI

Oteni moto pamoja kabla ya kulala, mahali penye hewa. Kisha laleni bila jiko. Tumieni mablanketi na nguo nzito. Zibeni nyufa za ukuta kwa udongo, lakini muache dirisha la hewa. Mtoto mchanga avalishwe kofia na soksi. Mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja. Hakuna jiko linalolishinda joto la mama.

Ndugu msomaji, wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nasi tusisome tu. Jioni hii, kabla ya kufunga mlango, tutazame jiko liko wapi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mkaa usio na moshi bado ni hatari?
2. Ukitaka moto mdogo, utafanya nini?
3. Kwa nini maziwa hayamsaidii aliyevuta hewa ya sumu?
4. Ni nyumba ngapi katika kitongoji chako huingiza jiko chumbani wakati wa baridi? Mtawaelimishaje?